Dari la Jirani Lilivyopakwa Chokaa Bure

Mke wangu ana mke mwenza mmoja tu, naye ni wa kioo. Anaingia maji lita 200, amekalia pembe yote ya sebule tuliyokuwa tuweke runinga, anakula umeme kuliko friji, na kila Jumapili huninyang'anya saa tatu za kumsugua na kumbadilishia maji. Nikirudi kazini alfajiri, mke wangu huniuliza hata macho hajafumbua: "Leo zamu ya nani?" Najua jibu analolitaka. Najua pia miguu yangu itakwenda wapi kwanza.

Ndani ya tangi hilo walikaa samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono kadhaa wasio na shukrani, na kitu kilichoniponza: tumbawe liitwalo kiota cha ndege. Kwa jina la kitaalamu ni Seriatopora hystrix. Ni kijichaka cha vijitawi vyembamba vyenye ncha kali, vimepandana na kusukana kama vile mtu amejaribu kufuma kiota kwa miiba ya samaki. Mimi ni mtu wa Unguja. Tumbawe hili liko kwetu, kama lilivyo kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Pasifiki, na sina shaka utotoni nimelikanyaga mara nyingi nikifukuza pweza. Hilo la bure sikupata kulitazama. Lililonitoa akili ni la kununua, pauni 25, mashariki mwa London, kipande cha urefu wa kidole gumba kimegandishwa kwa gundi juu ya kijiwe.

Dukani lilikuwa la waridi. Waridi ya faluda, ile inayokuita kutoka ng'ambo ya barabara na wewe umefunga. Sikujua wakati ule kwamba taa za buluu huyafanya matumbawe yang'ae, na kwamba kuchagua tumbawe chini ya taa hizo ni sawa na kuchagua mchumba kwenye harusi ya watu: kila aliyekuja amepambwa.

Wiki tatu baadaye lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.

Nikaanza kusoma, na hapo ndipo mtu anapopotea. Kumbe ndani ya nyama ya tumbawe wamepanga mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Wanapika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba, ndiyo kodi yao. Lakini wapangaji hao ni wa kahawia. Maji yakiwa na mbolea nyingi, na taa ikiwa hafifu, huzaana mpaka rangi ya mwenye nyumba ikafunikwa. Nikapima. Mbolea zenyewe, naitreti 40 na fosfeti 0.3, miligramu kwa kila lita. Yaani nilikuwa nawalisha samaki wawili kama ninayelisha watu wa hitima.

Nikapunguza chakula, nikabadilisha maji, na kwa kuwa mimi ni mtu wa pupa, nikapandisha taa siku hiyo hiyo mpaka mwisho. Baada ya siku tano kiota kilikuwa kimepauka. Wapangaji wamefukuzwa, na mwenye nyumba sasa ana njaa. Nikashusha taa. Nikaanza upya, safari hii asilimia tano kwa wiki, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Naitreti nikaiacha kati ya 5 na 10, maana nilishajifunza kwamba ukiifikisha sifuri nayo ni balaa nyingine. Ikanichukua miezi mitano. Waridi ikaanza kurudi kwenye ncha, ikateremka matawini, hatimaye kiota kizima, ukubwa wa chungwa la Muyuni, kikawa kinawaka. Nikapiga picha 60. Nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shangazi akajibu wa kwanza: "Mashaallah. Keki ya nani?"

Sasa, tumbawe likishapendeza hukua, na likikua hudai. Linajenga mifupa yake kwa kalisi inayotolewa majini, na tangi dogo halina bahari nyuma yake ya kulifidia. Njia moja ya kuirudisha ni maji ya chokaa. Wafugaji wa Ulaya huyaita kwa Kijerumani, kalkwasser, na jina hilo ndilo lililonifanya nilipie. Nikaletewa kwa posta kopo la unga mweupe. Nikalifungua, nikanusa, nikakaa chini. Chokaa. Chokaa hii hii. Mtoto wa Mji Mkongwe, niliyezaliwa ndani ya kuta za mawe ya matumbawe zilizokandikwa kwa chokaa, nimeagiza chokaa kwa kadi ya benki! Kwetu watu huchoma matumbawe wapate chokaa. Mimi nimekuja Uingereza kulisha tumbawe chokaa lipate mwili.

Mtambo wangu ulikuwa hivi. Chini ya tangi kuna kabati, ndani ya kabati kuna tangi dogo la chini lenye mashine ya povu na pampu, na pembeni yake pipa la lita 20 la maji ya chokaa. Kwa siku zinavukizwa kama lita tatu. Kwenye ukuta wa tangi la chini nilinatisha kihisio kwa sumaku: maji yakishuka chini yake, kinaiamrisha pampu, maji ya chokaa yanaingia kidogo, yanasimama. Kidogo ndilo neno lenyewe, kwa sababu maji ya chokaa yana pH, kipimo cha asidi na alkali, inayopita 12, na maji ya bahari hukaa karibu na 8.2. Ni ya kudondosha, si ya kumwaga. Roho zote za tangi lile zilikuwa zimekabidhiwa kihisio cha ukubwa wa kete ya bao.

Ndipo akaja Mama kututembelea, miezi mitatu.

Siku ya kwanza nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja mbele ya kioo.

"Hili jiwe?"

"Si jiwe, mama. Ni mnyama."

"Mnyama. Ana mdomo?"

"Midomo maelfu."

Akalitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Babu yako angelitia kwenye tanuu, na hata kibaba cha chokaa kisingetoka."

Usiku wa siku hiyo hiyo aliamka kutafuta maji ya kunywa. Taa za tangi huzimika taratibu, na saa ya mwisho hubaki buluu tupu. Buluu ile ina tabia ya kuifanya nguo nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni za kisasa ing'ae kama balbu. Mama alikuwa amevaa mtandio mweupe. Akapita mbele ya kioo, akajiona: kichwa kinawaka, mwili haupo, na nyuma yake samaki wawili wanamtazama. Sisi tuliamshwa na Ayatul Kursiy, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu bati la jikoni kwetu liliponyanyuliwa na upepo. Kuanzia hapo akaliita tangi "pango", na akilipita husalimia kwanza.

Lakini hakukaa kinyonge. Ghorofa ya chini anaishi bibi mmoja wa Kibangali, na Mama alimgundua kwa pua. Walikutana kwenye ngazi, kila mmoja akasikia harufu ya tambuu, jani la kutafuna na popoo na chokaa, kwa mwenzake, na urafiki ukafungwa papo hapo. Mama hajui Kibangali wala Kiingereza. Bibi hajui Kiswahili. Lakini Mama amekulia Unguja na majirani Wahindi wa Kachi, popoo anaijua kwa lugha tatu, na chokaa bibi anaiita chun, neno ambalo halikumpa Mama tabu hata kidogo. Kila alasiri wakawa wanakaa chini huko, uraibu katikati, kila mmoja anasema lugha yake na mwenziwe anaitikia kwa kichwa. Mke wangu aliwasikiliza siku moja akaniambia wanaelewana kuliko mimi na yeye.

Mimi wakati huo nilikuwa na tatizo la hesabu. Nina daftari, kila gramu ya chokaa inayotoka koponi naiandika. Na daftari lilikuwa halikubaliani na kopo. Kila wiki unga unapungua kuliko nilivyopima. Nikanunua mizani mpya. Mizani mpya ikasema vilevile. Nikaanza kushuku hewa yenye unyevu, nikashuku kiwanda, nikasoma mpaka saa nane za usiku kuhusu chokaa inavyokamata hewa ya kaboni. Mtu aliyesoma sana hawezi kufikiria jambo la karibu.

Usiku wenyewe nilikuwa kazini. Naendesha basi la usiku, simu hukaa mkobani. Nilipomaliza zamu saa kumi alfajiri nikakuta mke wangu amepiga mara 11. Ujumbe mmoja tu: "Mke mwenzangu anatapika."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mlango uko wazi. Sebuleni mke wangu amekunja suruali mpaka magotini, Mama amejifunga kanga kibwebwe anakamua taulo, na katikati ya zulia amesimama bibi wa chini, mkononi ana ndoo, na nyuma yake mjukuu wake wa kiume aliyeamshwa aje kutafsiri na ambaye uso wake ulionyesha kwamba hakuna neno analotaka kulitafsiri.

Tangi halikuwepo. Yaani lilikuwepo, ila palipokuwa na maji palikuwa na tui. Tui la kwanza, zito. Sioni samaki, sioni mawe, sioni kiota. Pipa la lita 20 lilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Mengine yote yalikuwa yameingia kwenye tangi la chini, yakachanganyika yakapanda juu, yaliyokosa nafasi yakafurika zuliani, yakateremka kwenye sakafu, yakafika kwa bibi.

"Nyumbani kwetu," mjukuu akasema, akichagua maneno, "dari linageuka jeupe."

Nikapima pH. Rangi ya kipimo ilipita mwisho wa kadi. Nikachukua kile cha elektroniki: 9.3. Nikakumbuka nilichosoma: siki. Asidi ya siki hupunguza makali ya chokaa. Nikakimbilia jikoni. Ipo siki ya kahawia ya kutilia chipsi, imebaki kidogo, na lipo gudulia la achari ya maembe ya Mama. Nakiri kwamba nililishika gudulia lile. Nililishika na nilifikiri. Mke wangu alisema "Thubutu!" nikalirudisha.

Aliyetuokoa ni bibi. Maji ya London yana chokaa yake mwenyewe. Birika la chai likikaa mwezi hujaa magamba kama mtumbwi, na kila mwenye akili huweka nyumbani siki nyeupe ya kulisafishia. Bibi aliniona nahangaika, akainusa ile chupa ya kahawia, akamtuma mjukuu. Kikaja kidumu kizima. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bomba la sindano mkononi, nikidondosha siki kwenye tangi la chini kidogo kidogo, napima, nadondosha, napima, mpaka jua likachomoza na nyumba nzima inanuka kama kachumbari. Saa mbili asubuhi: 8.5. Samaki wawili wakajitokeza kwenye ukungu, wamekasirika, lakini hai. Konokono nao, hai wote. Konokono sijui wanataka nini duniani.

Ndipo nikapiga magoti kwenye kabati kutafuta kilichotokea. Niliweka mkono gizani nikashika kitu kibichi, chenye baridi. Nikakivuta. Kitambaa kilichorowekwa, na ndani yake fungu la majani ya tambuu, mabichi, yamenyooka, yanameremeta, hujapata kuona tambuu lililotunzwa vile.

"Mama."

"Friji lenu linayababua," akasema, bila kuacha kukamua taulo. "Yanatoka madoa meusi. Mle mna joto zuri na unyevu."

"Na kihisio?"

"Kipi?"

"Kidude cheusi. Cha sumaku."

"Ah, kile. Kilikuwa kinanizuia, nikakipandisha kidogo." Akaonyesha kwa vidole kidogo chenyewe, kama shibiri moja.

Kihisio kikawa juu, hakiguswi na maji tena. Kutoka saa nne za usiku kilikuwa kinapiga kelele za kiu, na pampu yangu tiifu ikamnywesha mpaka pipa likaisha. Sikuwa na la kusema. Mfumo niliujenga mimi, na kufuli ya kabati sikuiweka mimi. Lakini kwa kuwa tumeshaanza kuulizana, nikauliza na la pili: je, kopo langu la chokaa...

"Kijaluba changu kiliisha wiki ya pili," Mama akasema. "Ile yako kali lakini haina ladha. Nikaikanda na maji ya mawaridi."

Bibi alisikia neno kopo likatajwa, akaliona, akasema kitu kwa furaha. Mjukuu akaangalia dari. "Anauliza unanunua wapi. Anasema ni safi kuliko ya dukani."

Ilinibidi nimsomee mjukuu maandishi ya kopo, neno kwa neno, kwamba ni ya matangi, si ya kuliwa, na mjukuu akamfasiria bibi yake, na bibi akamtazama Mama, na Mama akamtazama bibi, na wote wawili wakanitazama mimi kama mtu aliyekuja harusini kusoma bili ya umeme. Nilinunua chokaa ya tambuu siku hiyo hiyo, mikebe miwili.

Kiota kilionekana mchana, maji yalipotulia na vumbi jeupe likashuka juu ya mawe kama majivu. Kilikuwa kimesimama, hakikuvunjika tawi, nikadhani kimepona. Jioni nikaona chembe za waridi zinaelea. Nikachukua lenzi. Tumbawe si mnyama mmoja. Ni maelfu ya polipu, vinywa vyenye mikono, wamegawana mfupa kama watu wa nyumba za safu. Na polipu wangu walikuwa wanahama. Mmoja mmoja anajikata kwa mwenziwe, anajikunja kama kidonge, anaacha nyumba yake, anachukuliwa na mkondo. Jambo hili liliandikwa mwaka 1982 na mtafiti Paul Sammarco, na tumbawe alilolikuta likifanya hivyo ndilo hili hili, Seriatopora hystrix. Hali ikizidi ubaya, polipu hutoroka. Akibahatika hujishikiza mahali pengine akaanza mfupa mpya. Miezi mitano ya asilimia tano tano, na walipoamua kuondoka waliondoka kwa siku mbili, wakiwa na rangi yao nzuri niliyoihangaikia.

Mke wangu alisimama nyuma yangu akatazama. "Amedai talaka," akasema. Kisha akaona sura yangu, akaenda kunitilia chai.

Siku ya tatu maji yakawa meupe tena, safari hii si chokaa, ni bakteria waliosherehekea siki yangu. Nikatia pampu ya hewa, ukungu ukaondoka. Hilo halina hadithi.

Dari la bibi lilikuwa na michirizi mitatu meupe na doa kubwa mfano wa kisiwa cha Pemba. Jumamosi nikashuka na ngazi na kopo la rangi. Mama na bibi wakakaa chini yangu, uraibu katikati, wakinielekeza kwa lugha mbili. "Hapo hujapaka," Mama anasema, na bibi ananyoosha kidole pale pale. Nilipaka mikono mitatu. Bibi hakutaka hata senti ya fidia. Alitaka majani yake mawili aliyomwazima Mama usiku ule yarudi.

Siku ya kuondoka nilimkuta Mama ameufunga mfupa wa kiota ndani ya soksi zangu, katikati ya sanduku. Alitaka uwe ukumbusho. Nikamweleza kwamba matumbawe magumu, hata yaliyokufa, yako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayasafiri bila kibali, na kwamba isitoshe anapeleka karafuu Pemba: ufukwe wa kwetu umejaa mifupa hii. "Huu una historia," akasema. Tulibishana mpaka teksi ikapiga honi. Mfupa ukabaki. Soksi akaondoka nazo.

Wiki sita baadaye nilikuwa nasugua kioo cha nyuma, pale pampu inaposukuma maji, nikaona kitone. Kidogo kuliko punje ya mtama, kimenata. Nikachukua lenzi. Mikono midogo, imekunjuliwa, imezunguka kinywa, na chini yake ukingo mweupe mwembamba wa mfupa unaoanza. Rangi yake ni kahawia. Chai ya maziwa kabisa.

Nilipiga picha 60. Nikachagua iliyo bora nikamtumia Mama, mkono unatetemeka. Akajibu kwa sauti baada ya Isha, na nyuma yake nasikia popoo ikikatwa.

"Nimeiona picha, baba. Hapo kwenye kioo pamebaki uchafu. Mwambie mkaza mwanangu apasugue."